Baba Mkwe Anauza Spana Zake kwa Sababu ya Uongo Wangu

Mpendwa Shangazi Twahira,

Pokea salamu zangu kutoka Busia, upande wetu huu wa Uganda. Mimi ni msikilizaji wako tangu kipindi chako kilipokuwa cha nusu saa, na leo naomba msaada wako kwa jambo ambalo hata mke wangu halijui, kwa hiyo ukiisoma barua hii redioni nakuomba kwa heshima ubadilishe majina, maana kule Nagongera ukweni wanakusikiliza wewe kuliko wanavyomsikiliza padri.

Shangazi, mimi ni mwanaume wa miaka arobaini na moja, Msamia, nina mke wangu Goretti na watoto wanne, na nina gari, na hiyo gari ndiyo imenifikisha hapa. Ni stesheni wagoni ya zamani sana, watoto wanaiita Jaja, yaani nyanya, kwa ajili ya uzee wake, rangi yake ya maziwa ila mlango mmoja ni wa kijani kwa sababu ule wa kwanza uligongwa na ng'ombe pale Kisoko, lakini usiicheke, kwa sababu ndiyo iliyomtoa Goretti kwao siku ya harusi na ndiyo iliyompeleka hospitali mara zote nne na ikamrudisha na mtoto, na mimi nikiisikia tu inavyowaka asubuhi najua imeamkaje.

Baba yake Goretti, Mzee Opendi, ni fundi wa magari Nagongera, na nikisema fundi usifikirie hawa wa juzi, huyu amefungua injini tangu enzi za malori ya pamba, watu wanatoka mpaka Malaba kumletea gari zilizoshinda wengine. Sasa unajua mambo ya ukwe kwetu, baba mkwe anaheshimiwa kwa mbali, siwezi kwenda kusimama pale yeye amelala chini ya gari miguu ikiwa nje, hiyo ni aibu kwake na kwangu, wala siwezi kumwuliza "hapo umekaza?" kama ninavyomwuliza fundi mwingine. Kwa hiyo Jaja ikiharibika naifikisha mpaka mlangoni pa gereji, naacha ufunguo juu ya boneti, nasalimia nikiwa nimeinama, halafu navuka barabara naenda kukaa kwenye hoteli ya chai mpaka kazi iishe, na kila swali linapitia kwa Goretti kwa simu, mzee anamwambia Goretti, Goretti ananiambia mimi, mimi namjibu Goretti, na wakati huo mzee na mimi tumetenganishwa na barabara tu, hata kikohozi chake nakisikia.

Basi mwaka jana mwezi wa pili Jaja ikachemka njiani, ikatoa moshi mweupe, na oili ikawa rangi ya chai ya maziwa, na mzee akasema ni gasketi ya hedi imeungua, ile inayokaa katikati ya injini na kichwa chake kuzuia maji na oili visikutane. Akafungua, akapeleka hedi Tororo ikasawazishwa kwa mashine, akaweka gasketi mpya, na hakukubali hata nimlipe, akasema mkwe hatozwi, ila akamwambia Goretti, "Mwambie mumeo atembee nayo wiki moja halafu airudishe nikaze bolti za hedi tena, gasketi mpya ikishalala bolti zinalegea, asikose."

Shangazi, kukaza bolti kumi ni dakika ishirini, lakini kwenda ukweni ni siku nzima! Mkono mtupu haulambwi, lazima nibebe sukari na nyama na sabuni, nivae shati la kufunga vifungo mpaka shingoni, na wao wakiniona nao lazima wakimbize jogoo, nikae, nile kidogo, nishukuru sana, na mimi nilikuwa nimetoka kwao juzi tu, nikaona aibu kuwamalizia kuku, na nikaona uvivu pia, nisikudanganye. Nikavuka mpaka wa nchi hapa kwetu, nikaenda Busia ya Kenya kwa rafiki yangu Jamilu, ni mwendo wa dakika tano, nikamwambia ndugu yangu nikazie hizi bolti kidogo tu. Jamilu ni mtu mzuri sana lakini ufundi wake ni wa nguvu, akavisha bomba la maji kwenye spana ili apate mkono mrefu, akaanzia nyuma akija mbele, akazikaza mpaka zikalia, akasema "Hizi sasa zitafunguka siku ya kiyama," tukacheka, tukaenda kunywa chai.

Baada ya miezi miwili Jaja ikachemka tena nikaipeleka kwa mzee. Alipofungua, bolti za nyuma zilimshinda mpaka akaita watu wawili wamsaidie, akashangaa sana, akamtuma Goretti aniulize, "Kuna mtu mwingine ameigusa?" Na mimi nimekaa pale hotelini, kikombe mkononi, nikamwambia Goretti, "Mwambie hakuna."

Ningemwambia nini, Shangazi? Kwamba nimechukua kazi ya mikono yake nikampelekea mtu wa ng'ambo airekebishe? Niliona hayo ni matusi. Mzee akafunga upya, akasema tena nirudi baada ya wiki moja, na mimi sasa nilikuwa na aibu mara mbili, nikaenda tena kwa Jamilu, na Jamilu akaleta tena bomba lake. Ikaungua mara ya tatu, mzee akaniuliza tena swali lile lile, nikajibu tena hakuna, akafunga, na mimi nikarudi tena kwa Jamilu kama mtu aliyerogwa.

Mwezi uliopita imeungua tena. Sikuweza kuirudisha Nagongera, nikaivuta mpaka kwa fundi mmoja karibu na Busitema anaitwa Akol, na huyo kwa kuwa si mkwe wangu nikasimama naye pale boneti likiwa wazi. Akanionyesha washa za bolti za nyuma, zile pete za chuma zinazokaa chini ya bolti, zimeumwa mpaka zimepinda, na hedi nayo imekwenda upande, akaniambia, "Aliyefunga gasketi hii anajua kazi. Aliyekuja baada yake na bomba ndiye ameiua." Nikaiacha Jaja pale pale, nikarudi nyumbani bila kumwambia Goretti maneno hayo.

Kwa sababu mzee aliposikia imeungua tena ameamini ni yeye, Shangazi. Amemwambia Goretti kwamba mkono wake hausikii tena uzito wa spana, kwamba anakaza kupita kiasi bila kujua, na amekataa gari la padri, amekataa hata pikipiki ya katekista, anakaa tu kwenye kiti mlangoni pa gereji mchana kutwa. Halafu wiki mbili zilizopita tulikuwa Kisoko kwenye ubatizo wa mjukuu wa dada yake mzee, mjomba mmoja wa Goretti akasema mbele ya watu, "Opendi amekwisha, gari la mkwe wake tu limemshinda mara tatu," na watu wote wakanigeukia kwa kuwa gari ni yangu, na mimi nikasema, "Mzee amezeeka, tumwelewe." Mzee mwenyewe alikuwa amekaa hapo hapo. Akaigeuza mikono yake akaiangalia huku na huku. Goretti alilia mpaka tukafika nyumbani, na sasa mzee ametangaza kwamba siku ya soko ijayo atauza spana zake zote, sanduku zima.

Lakini usifikiri nakuandikia nikiwa nayumba, nimeshaamua. Nitauza Jaja kwa watu wa vyuma chakavu, halafu kupitia kwa Goretti nitamwambia mzee kwamba gari ilikuwa imechoka tu na hakuna fundi angeiweza, hivyo heshima yake inabaki, yangu inabaki, na Jamilu hatajwi. Naamini hiyo ni busara. Nataka tu wewe kama mama uniunge mkono na unipangie maneno mazuri ya kumwambia. Namba yangu ya simu nimeiandika nyuma ya karatasi.

Ni mimi,
Mkwe Mwenye Heshima, Busia

---

SHANGAZI TWAHIRA ANAJIBU

Mkwe Mwenye Heshima,

Jina hilo umejipa mwenyewe, kwa hiyo nakuachia ulibebe. Majina mengine yote nimeyabadilisha kama ulivyoomba. Gari sikulibadilisha, wala mlango wake wa kijani.

Kwanza pole, na nasema pole kwa moyo mmoja. Nimekaa miaka kumi na tisa na mume dereva wa trela, Mungu amrehemu, nimepika chai kando ya injini iliyofunguliwa pale Malaba zaidi ya mara ninazoweza kuhesabu, na najua gari bovu linavyoweza kumtoa mtu akili. Ukwe nao naujua. Mume wangu siku ya kwanza kuja kwetu alikula tonge tatu za ugali, akasema ameshiba, akaaga, akaenda kujinunulia chapati nne stendi. Adabu hiyo naiheshimu na sikucheki.

Sasa kaa chini nikwambie.

Habari za gasketi Akol ameshakumalizia. Mimi nataka tuzungumze habari za kile kikombe chako cha chai. Mzee alikuuliza swali la kazi, "Kuna mtu mwingine ameigusa?" Swali hilo kila fundi huliuliza, kama daktari anavyouliza umekunywa dawa gani kabla ya kuja. Ungesema ndiyo, angekasirika, angekutukana kidogo kwa Kidhopadhola, lugha ya kwao, angezifungua zile bolti na kuzikaza kwa mpangilio wake, na leo Jaja ingekuwa barabarani na watoto ndani. Dakika ishirini ulizokwepa zimekula mwaka mzima wa mzee wa watu. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na wewe ufa uliuona kwa macho yako.

Unaniambia mkono mtupu haulambwi. Ala! Mzee alikuita ukaziwe bolti, nani alikuita karamu? Ungesimama pale mlangoni na ufunguo wako, ukasema sikuja kula leo, nimekuja kama ulivyoniagiza. Fundi aliyeagiza kitu na akaona kimetekelezwa hufurahi kuliko aliyeletewa kilo mbili za sukari. Ila uvivu umeutaja mwenyewe bila kulazimishwa, na hapo ndipo nilianza kukupenda kidogo.

Halafu hii heshima yako, baba, nimeigeuza huku na huku nimeshindwa kuielewa. Huwezi kumtazama mkweo akiwa chini ya gari, ni aibu. Lakini kumwambia uongo mara mbili, sawa. Na kumzika akiwa hai kwenye ubatizo Kisoko, mbele ya ndugu zake, watu wakila pilau, hiyo pia sawa. Ebo! Ni mila ya nani hiyo? Wasamia ninaowajua mimi hawana mila hiyo.

Na kuna jambo hukuliona kabisa. Uongo ule hukuupeleka mwenyewe. Uliubebesha mkeo. Goretti ndiye aliyemwambia baba yake "hakuna aliyeigusa," kwa mdomo wake, akiamini ni kweli, na baba yake aliamini kwa sababu ni binti yake. Hilo niachie nilie mimi, wewe endelea kusikiliza.

Sasa huo mpango uliouamua bila kuyumba. Ukiliuza gari umeuza ushahidi, na mzee atabaki na imani yake kwamba mkono umekufa. Ukimwambia gari lilikuwa limechoka, yeye ametengeneza magari yaliyochoka maisha yake yote, hiyo ndiyo kazi yake, kwa hiyo atajua mara moja kwamba mkwe anamhurumia. Itamuuma kuliko maneno ya yule mjomba. Sikuungi mkono, na maneno mazuri sina. Maneno ya kweli unayo mwenyewe, umeyaandika kurasa tatu.

Jamilu naye mwache. Uliomba akaze, akakaza. Hakuna aliyemwambia kwamba kuna mzee alishapima kila bolti kwa mkono wake na alitaka kuzirudia mwenyewe. Nenda kanywe naye chai siku nyingine, ila lile bomba mwambie alirudishe kwenye maji.

Utafanya hivi. Unaanza na mkeo, kabla ya mtu mwingine yeyote, unamwambia yote, na la Jamilu, na la kikombe. Kama redio yenu iko jikoni basi hilo limeshafanyika, pole. Akirusha sufuria, liokote, liweke mahali pake, unyamaze.

Kisha mtafute mshenga wenu, yule aliyesimamia mahari yako. Unadhani kazi yake iliisha siku mliyokula pilau? Mshenga ni wa siku kama hii. Atangulie yeye kwa mzee, aseme mkwe anakuja na kosa lake, ili mila isivunjwe na wewe usipate pa kujificha.

Pita Busitema kwa Akol umwombe zile washa zilizoumwa. Zifunge kwenye karatasi uende nazo. Mzee akikukubalia kuingia, umpe mkononi, usianze kwa hotuba. Fundi huamini chuma kuliko mdomo wa mtu, na mdomo wako wewe kwa sasa hauna bei. Akishaziangalia na kuzipapasa, ndipo umwambie ni nani aliyezikaza, na ni nani aliyesema hakuna. Usijitetee, mwache aendelee kuzigeuzageuza.

Na kwa kuwa ulimvunjia jina lake mbele ya watu, utalijenga mbele ya watu. Yule mjomba wa Kisoko apigiwe simu palepale, kwa sauti ya kusikika, na aambiwe na wewe kwamba kosa halikuwa la mzee. Utaona aibu mpaka masikio yawake moto. Vizuri, ni zamu yako sasa.

Baada ya hapo, mwombe alifungue gari lako mara ya nne. Usiseme unamsaidia apate moyo, usithubutu! Sema gari lako limekufa na hujui mwingine wa kulifufua, maana huo ndio ukweli. Na mshenga amwombee ruhusa usimame pale karibu, umshikie taa, umpe spana anayoitaka, hata kama miguu yake iko nje. Kwenye injini iliyofunguliwa kuna fundi na mwenye gari tu, na hata mababu zetu wangekuwa na magari wangesema hivyo hivyo. Wiki moja ikipita, rudi akaze bolti zake. Nenda mkono mtupu, na jogoo akikimbizwa, mkataze.

Nimebakiza jambo moja, na hili halitakufurahisha.

Barua yako ilinifikia Jumatatu. Nilipofika pale pa kuuza spana sikuweza kumaliza uji wangu, nikakutumia ujumbe kwa ile namba ya nyuma ya karatasi, nikakuuliza, "Umeshakwenda kwa mzee?" Ukanijibu, ninao hapa, "Bado Shangazi, nasubiri ushauri redioni." Loo! Leo ni Ijumaa na soko ni kesho, na spana za miaka arobaini zikishatawanyika kwa wanunuzi kumi, hakuna wa kuzikusanya tena.

Kwa hiyo nisikilize vizuri. Kipindi hiki cha saa tatu asubuhi mafundi hawakisikii, saa hizi nyundo zinapiga kelele kila gereji, na mzee kwenye kiti chake anazisikia za majirani tu. Lakini kinarudiwa saa kumi na moja jioni, wakati wananawa mikono kwa sabuni ya unga na redio iko juu ya ngoma ya oili. Katika marudio hayo nitaongeza salamu moja ambayo asubuhi hii nakusomea wewe, kwa kuwa mwenyewe bado hasikii. Itasema: "Kwa fundi wa Nagongera anayetaka kuuza sanduku lake kesho. Bolti za nyuma hazikukazwa na wewe, baba. Mkono wako ni mzima. Gasketi zote tatu ulizifunga sawasawa."

Una muda wa saa nane mpaka marudio hayo. Gari huna, lakini boda ziko hapo nje ya mlango wako. Ningependa alisikie kutoka kwako kwanza.

Shangazi Twahira